Huyu Samaki Ni Nani?

Ndugu msomaji, nina hakika umepata kusimama mbele ya meza ya muuza samaki ukajiona kana kwamba hukupata kusoma hata darasa moja. Hayo ndiyo yaliyonipata Jumamosi iliyopita katika soko la Magomeni. Mbele yangu, juu ya barafu, walilala samaki wawili wa maji baridi waliosafirishwa kutoka bara. Mmoja mama muuzaji alimwita sato, na wa pili akamwita perege. Niliwageuza huku na huku, nikayachungulia mapezi, nikautazama mkia, nisiione tofauti yoyote.

"Shikamoo mama. Hawa si samaki mmoja?" nilimwuliza.

"Marahaba. Mwanangu," alinijibu bila kuniangalia, "umekuja kununua au kuposa? Wote wanaliwa."

Nililipa, nikatia kitoweo changu kikapuni, nikaondoka na aibu yangu. Lakini njiani swali lile halikuniacha. Nilikumbuka habari za watu wa mbali sana, huko magharibi ya Marekani, ambao swali kama langu huwakabili kila siku wakiwa wamesimama ndani ya mto, maji yakiwafika mapajani, samaki hai akifurukuta mkononi. Nao hawana mama wa sokoni wa kuwajibu. Wakikosea, samaki asiyestahili kufa hufa, na yule astahiliye kuondolewa hurudishwa majini akaendelee kuharibu kizazi cha mwenzake.

Samaki mwenyewe huitwa trauti. Ni samaki wa maji ya baridi yaendayo kasi, maji safi yatokayo milimani. Jamii zake ni nyingi, nasi leo tutahitaji nne tu. Wa kwanza ni trauti wa upinde wa mvua, mwenye ukanda wa rangi ya waridi ubavuni, ambaye asili yake ni mito inayomwaga maji katika Bahari ya Pasifiki. Wa pili ni trauti wa kahawia, mwenyeji wa Ulaya. Wa tatu ni trauti wa vijito, wa mashariki ya Amerika ya Kaskazini. Wa nne, na huyu ndiye mwenye kesi yetu, ni samaki wa Milima ya Rocky na nchi zilizo magharibi yake, ambaye Wamarekani wamempa jina la kutisha: humwita aliyekatwa koo. Sababu ni kwamba chini ya taya lake, kila upande, pana mstari mwekundu au wa rangi ya chungwa, mithili ya alama ya kisu. Mimi nitamwita trauti wa koo jekundu, maana gazeti hili husomwa mezani pamoja na watoto.

Samaki huyo alielezwa kwa maandishi mwezi Juni 1805, pale kundi la wasafiri lililoongozwa na Lewis na Clark lilipofika kwenye maporomoko makubwa ya Mto Missouri, na mmoja wao akawavua kadhaa. Wenyeji wa asili wa nchi ile, bila shaka, walikwisha kumla kwa maelfu ya miaka bila kumwandika popote. Jina lake la kitaalamu kwa miaka mingi limekuwa na jina la Clark ndani yake.

Sasa, huvuliwaje? Hapa, ndugu msomaji, sahau nyavu, sahau madema, sahau hata chambo cha mnyoo. Mvuvi wa mchezo huu hutumia nzi wa bandia. Huchukua ndoana ndogo, pengine ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, akaivisha manyoya ya ndege, nywele za mnyama na uzi, mpaka ifanane na kidudu kinachoruka juu ya maji au na funza wake anayeishi chini ya mawe ya mtoni. Kwa kuwa kidudu hicho hakina uzito wa kutupika, mshipi wenyewe ndio hufanywa mzito. Mvuvi huupeleka nyuma na mbele hewani kwa ufito wake mrefu, mara mbili, mara tatu, kisha huuacha ujinyooshe na kukilaza kile kidudu juu ya maji taratibu, kana kwamba kimeanguka chenyewe. Trauti akidanganyika, huinuka. Asipodanganyika, mtu hushinda mtoni kutwa nzima na kurudi nyumbani akiwa na baridi ya miguu tu. Wengi wao hata wakimpata samaki humwachia. Najua baadhi ya wasomaji wa kike watacheka hapo, wakiwaza jinsi watakavyompokea mume aliyeshinda mtoni kutwa na kuwaachia samaki wote. Lakini hivyo ndivyo ilivyo.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu neno. Nitalitumia neno "chotara" mara nyingi leo. Najua limewahi kutumiwa mitaani kwetu kuwadhalilisha binadamu, na matumizi hayo siyaungi mkono. Hapa nalitumia kama alitumiavyo mkulima asemapo mahindi chotara, au mfugaji asemapo ng'ombe chotara: kiumbe aliyezaliwa na jamii mbili tofauti.

Je, chotara wa trauti alitoka wapi? Mwanadamu ndiye aliyemleta. Kwa maelfu ya miaka trauti wa upinde wa mvua na trauti wa koo jekundu walitenganishwa na milima na maporomoko katika sehemu kubwa ya nchi ile. Kisha, katika karne ya 19, Wamarekani wakajifunza kukamua mayai ya samaki, kuyarutubisha ndani ya mabakuli, kuyaangua katika vituo maalumu na kuyasafirisha kwa reli. Mayai ya trauti wa upinde wa mvua yalitoka California yakasambazwa kila mahali. Mayai ya trauti wa kahawia yalivuka bahari kutoka Ujerumani mwaka 1883. Trauti wa vijito naye akapelekwa magharibi. Nia yao ilikuwa njema: kuijaza mito samaki ili kila mtu avue. Katika jimbo la Colorado peke yake walimwagwa mitoni na maziwani mamilioni kwa mamilioni ya samaki wa jamii mbalimbali. Hebu itafakari hesabu hiyo. Wala hapakuwa na mtu aliyeuliza samaki hao watakapokutana watafanya nini.

Walioana. Trauti wa upinde wa mvua na trauti wa koo jekundu ni ndugu wa karibu, na wote wawili hutaga mayai theluji inapoanza kuyeyuka, ingawa yule wa upinde wa mvua kwa kawaida hutangulia. Watoto wao si tasa. Huzaa wao kwa wao, na huzaa na wazazi wa kila upande, kizazi baada ya kizazi, mpaka mto mzima hauna tena samaki wa asili ila mchanganyiko. Wataalamu waliofanya uchunguzi katika jimbo la Montana, na kuutangaza mwaka 2009, waligundua jambo la kushangaza: samaki mwenye asilimia 20 tu ya damu ya trauti wa upinde wa mvua hupata watoto nusu tu ya wale anaowapata trauti wa koo jekundu asiyechanganyika. Utasema basi chotara watakwisha wenyewe. La hasha! Madume machache yenye damu nyingi ya kigeni huzaa kwa wingi, nayo huenda mbali na kuingia katika vijito vipya, na maji yanavyozidi kupata joto ndivyo yanavyopata njia.

Tuje sasa kwenye Mto Snake, jimbo la Idaho, katika tawi lake liitwalo South Fork. Tawi hilo hutoka kwenye bwawa la Palisades na kwenda kiasi cha kilomita mia moja kabla ya kukutana na mwenzake. Ni miongoni mwa mito michache mikubwa ambamo trauti wa koo jekundu wa asili wamebaki kwa wingi. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa idara ya samaki na wanyama ya jimbo hilo waliona trauti wa upinde wa mvua na chotara wakiongezeka upesi. Walijenga vizuizi kwenye vijito vinne ambamo samaki wa asili hupanda kwenda kutaga mayai, wawe wanawakagua wapandao mmoja mmoja. Mwaka 2004 wakatangaza kwamba mvuvi anaweza kuchukua trauti wa upinde wa mvua na chotara wengi kadiri apendavyo, bila kikomo. Lakini trauti wa koo jekundu lazima arudishwe majini akiwa hai.

Watu hawakuchukua. Ndugu msomaji, hapo ndipo utakapoona ugumu wa mambo ya binadamu. Wavuvi wa nzi wa bandia walikwisha kufunzwa kwa miaka mingi kwamba uungwana ni kumwachia samaki. Kuua kulikuwa kumekuwa dhambi kwao. Basi idara ikabuni hila. Tangu mwaka 2010 ilianza kuwatia baadhi ya trauti wa upinde wa mvua kipande kidogo mno cha waya puani, chenye urefu wa milimita moja hivi, kisichoonekana kwa macho, halafu kuwaachia tena mtoni. Kila kipande kina thamani yake: dola 50, dola 100, dola 200, dola 500, na hata dola 1,000. Mvuvi hula samaki wake, lakini kichwa hukihifadhi kwenye jokofu na kukipeleka kwa maofisa, nao hukipitisha kwenye chombo cha kutambulia madini. Kikilia, mtu amepata. Ni bahati nasibu ya vichwa vya samaki! Nawaza jinsi jokofu la nyumba kama hiyo linavyoonekana, na mama mwenye nyumba anavyosema.

Si kila mtu alifurahi. Wako wanaopenda trauti wa upinde wa mvua kwa sababu huruka hewani na kupigana vikali anaponaswa, na chotara wake huwa na nguvu kama hizo. Wako waongozaji wa mashua wanaopata riziki kwa kuwachukua wageni mtoni, nao waliona kwamba mteja hajali damu ya samaki, anajali ukubwa wake. Hoja yao si ya kipuuzi. Mtu aliyezaliwa kando ya mto ule baada ya mabadiliko hayo anamwona trauti wa upinde wa mvua kuwa mwenyeji kama yeye. Lakini mimi naona idara ina haki zaidi, kwa sababu moja nyepesi: trauti wa upinde wa mvua yuko tele duniani, kuanzia Chile hadi New Zealand, na yule mwingine akitoweka pale hana kwingine kwa kwenda.

Basi jiweke mahali pa mvuvi yule. Umenasa samaki. Una nusu dakika, maana samaki hapumui nje ya maji. Ni nani huyu?

Kwanza mlaze ubavu ndani ya wavu, ndani ya maji, mikono yako ikiwa imelowa ili usimwondolee ute wake. Tazama chini ya taya. Pana mistari myekundu? Kama haipo kabisa, huyo ni wa upinde wa mvua, mchukue. Kama ipo na imekolea, usiseme haraka kwamba ni wa koo jekundu, kwa sababu chotara naye hurithi mstari huo, mara nyingine ukiwa hafifu wa rangi ya chungwa, mara nyingine ukiwa mwekundu barabara. Tazama madoa. Trauti wa koo jekundu wa maji hayo ana madoa makubwa ya mviringo yaliyosongamana kuelekea mkiani, na kichwani pake ni pasafi au pana machache sana. Yule wa upinde wa mvua amenyunyiziwa madoa madogo mwili mzima hadi utosini. Kisha tazama mapezi ya tumboni na lile lililo karibu na mkia: ncha nyeupe ni dalili ya damu ya upinde wa mvua. Taya nalo husema, kwa kuwa la koo jekundu ni refu na hupita nyuma ya jicho. Na kuna dalili moja ambayo huitazamwi kwa samaki utakayemwachia: nyuma ya ulimi wa trauti wa koo jekundu mna vijino vidogo, ambavyo mwenziwe kwa kawaida hana.

Kwa hiyo mwenye mstari shingoni, na madoa utosini, na weupe kwenye ncha za mapezi, huyo ni chotara. Hapo mvuvi wa South Fork humchukua nyumbani. Katika Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, kwenye sehemu ya juu ya bonde la Mto Lamar, sheria ni kali zaidi: ukimtambua kuwa ni wa upinde wa mvua au chotara, huna hiari, ni lazima umuue.

Ungependa niishie hapo na kukuambia kwamba sasa unajua. Bahati mbaya, dalili hizo zinamfaa chotara wa kizazi cha kwanza na cha pili. Yule ambaye babu wa babu yake ndiye aliyekuwa wa upinde wa mvua, na baada ya hapo wakaoana na wa koo jekundu tupu, hana madoa utosini wala weupe kwenye mapezi. Umbo lake lote ni la asili. Damu yake tu ndiyo isemayo vingine, na damu haisomwi kwa macho. Siku hizi wataalamu hukata kipande kidogo cha pezi, kidogo kuliko punje ya mchele, na kuzipima chembe za urithi maabarani.

Hata wataalamu wenyewe macho yamewadanganya, tena vibaya. Kisa cha Colorado yafaa tukitulie. Jimbo hilo lilikuwa na jamii yake ya trauti wa koo jekundu mwenye mgongo wa kijani, aliyeishi upande wa mashariki wa milima. Mwaka 1937 alitangazwa kuwa ametoweka. Miaka mingi baadaye yakapatikana makundi madogo madogo ya samaki waliofanana naye katika vijito vya juu, furaha ikawa kubwa, na kazi ya kumrejesha ikaanza. Kwa miongo kadhaa serikali na watu wa kujitolea waliwaondoa trauti wa kigeni kwenye vijito na maziwa, wakawapandisha mlimani samaki wale wadogo. Mwaka 1994 akatawazwa kuwa samaki rasmi wa jimbo. Ilikuwa ni moja ya habari za fahari za wahifadhi wa nchi ile.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walipima chembe za urithi, wakakuta kwamba makundi mengi kati ya yale yaliyodhaniwa kuwa ya mgongo wa kijani yalikuwa ya jamii nyingine, ile ya upande wa pili wa milima, iliyosambazwa na magari ya kupandikiza samaki ya zamani. Ubishi ukazuka. Ndipo watafiti wakaenda kwenye nyumba za makumbusho, wakatafuta trauti waliokusanywa kati ya 1857 na 1889 na kuhifadhiwa ndani ya chupa za pombe kali tangu hapo. Kutoka katika nyama hiyo iliyopauka walifanikiwa kupata mabaki ya chembe za urithi. Jibu lilitangazwa mwaka 2012. Trauti wa kweli wa mgongo wa kijani alikuwa amebaki katika kijito kimoja tu duniani, Bear Creek, karibu na mji wa Colorado Springs, kwenye sehemu ya kilomita chache tu. Na kijito hicho hata si kwao! Mwenye nyumba ya wageni mmoja aliwapeleka huko karne ya 19 ili wageni wake wapate cha kuvua.

Nasoma kisa hicho na kuwaza juu ya wale watu waliobeba ndoo za samaki mlimani kwa miaka 30. Walifanya kazi kwa moyo, kwa jasho lao, na waliyemlea hakuwa yeye. Hawakukata tamaa, walianza upya kwa mayai ya Bear Creek. Mwezi Septemba 2022 idara ya jimbo ilitangaza kwamba katika kijito cha Herman Gulch samaki hao waliopandwa wameanza kuzaana wenyewe.

Pamoja na hayo yote, nisingependa uondoke ukidhani kila chotara ni balaa. Yuko mmoja ambaye wavuvi humtafuta maisha yao yote. Ni mtoto wa trauti wa kahawia jike na trauti wa vijito dume. Hawa si ndugu wa karibu. Mmoja ana kromosomu 80 na mwenziwe 84. Wote wawili hutaga mayai kabla ya majira ya baridi, kwenye changarawe za namna moja, na mara chache sana manii ya huyu huangukia mayai ya yule. Mayai mengi ya ndoa hiyo hufa. Machache yaangukayo kwenye bahati hutoa samaki ambaye hakuna awezaye kumkosea: mwili wake wote umechorwa mistari iliyopindana kama njia za mchwa juu ya ubao, ya rangi ya dhahabu na ya giza, ndiyo maana Wamarekani humwita trauti chuimilia. Kutoka kwa baba amerithi weupe wa ukingo wa mapezi ya chini, na kutoka kwa mama ule ukakasi wa rangi ya kahawia. Madoa mekundu ya wazazi wote wawili yametoweka.

Kwa kuwa kwa kawaida ni tasa, hawezi kuharibu kizazi cha mtu. Kwa hiyo majimbo kama Utah na Washington huwaangua kwa makusudi vituoni, wakiyapasha mayai joto kwa muda ili wengi waishi, kisha huwatia maziwani wakale visamaki vidogo vilivyozidi. Hukua sana: mwaka 1978 alivuliwa mmoja Ziwa Michigan aliyepita kilo 9, na mwaka 2022 mwingine katika Ziwa Loon, Washington, aliyepita kilo 12. Lakini yule aliyezaliwa mwenyewe mtoni, bila bakuli la mtaalamu, ndiye wa kusimulia wajukuu. Mvuvi humpiga picha, mkono ukimtetemeka, halafu humwachia.

Huenda unauliza mambo hayo yanatuhusu nini sisi wa Magomeni. Yako karibu kuliko udhanivyo. Trauti wenyewe wako Afrika Mashariki: trauti wa kahawia waliletwa katika Mto Gura, milima ya Aberdare nchini Kenya, mwaka 1905, na wa upinde wa mvua wakafuata mwaka 1910, ili wakoloni wapate mchezo wao wa nyumbani. Baadaye wakapandikizwa pia katika vijito vya baridi vya nyanda zetu za juu. Huko kwetu hawakukuta ndugu wa kuoana nao.

Lakini sato yuko hivyo hivyo alivyo trauti wa upinde wa mvua. Katika Ziwa Victoria yeye ni mgeni, aliyetiwa humo katika miaka ya 1950, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Wenyeji walikuwa ngege na mbiru. Leo ngege hayupo tena katika ziwa kubwa lenyewe. Amebaki katika maziwa madogo ya pembeni. Alimalizwa na mengi, nyavu na sangara wakiwamo, lakini na sato pia, aliyemnyang'anya nafasi na kuzaa naye. Sato huyo huyo amepandwa na kutoroka kutoka mabwawa ya kufugia samaki, akaingia mitoni na maziwani sehemu nyingine za Tanzania, na watafiti waliopima chembe za urithi wamekwisha kukuta chotara wa sato na perege wa asili. Perege wetu ni jamii nyingi. Baadhi yao hawapatikani popote duniani ila katika mto mmoja au ziwa moja la nchi hii. Hatuna bahati nasibu ya vichwa, wala sheria imwambiayo mvuvi wa ndoana amwachie yupi na amchukue yupi. Na ole wake atakayemwambia mvuvi mwenye watoto sita nyumbani kwamba amrudishe samaki majini kwa sababu ya damu yake!

Juzi nilirudi kwa yule mama wa sokoni. Safari hii nilimwuliza vizuri zaidi: yeye anawatofautishaje? Aliinua mkia wa mmoja akaukunjua kama upepo. "Tazama hii mistari myembamba iliyosimama mkiani," alisema. "Huyu sato. Huyu mwingine hana, perege." Kisha akamchukua wa tatu, ambaye mistari yake ilianza vizuri na kuishia katikati ya mkia, akamtazama kitambo, akamrudisha kwenye barafu bila kusema neno.

Wasomaji wa Mwanza, Musoma na Bukoba, na ninyi wa Nyumba ya Mungu, Rufiji na Kilombero: waulizeni wazee wenu waliovua zamani. Perege waliowajua waliitwaje, na walimtambuaje kila mmoja? Niandikieni kwa anwani ya gazeti hili, nami nitayachapa majina hayo katika ukurasa huu.